Falis Alituma Chai

Sisi watu wa Tseikuru tunapenda kukutana, na mtu asinibishie. Mvua ikinyesha tunakutana, isiponyesha tunakutana kuulizana kwa nini haikunyesha. Tatizo letu ni majina. Kila kikao kina jina lake, na kila jina hubadilika maana kulingana na nani amelitamka, kiasi kwamba mgeni akifika hapa lazima apotee kwanza. Mimi Mbula nimeshonea nguo kwenye veranda ya hoteli ya Falis tangu cherehani yangu ikiwa bado na rangi yake ya dukani, kwa hivyo nikisema mama yule alipotea, najua ninachosema.

Falis alikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini na mume wake Dirie, mnunuzi wa mifugo kutoka upande wa Garissa. Walijenga sokoni, mbele hoteli ya chai na mandazi, nyuma vyumba vya kulala vya udongo, juu mabati. Dirie alikuwa mtu wa kiguu na njia, wiki tatu yuko na ng'ombe, siku mbili yuko nyumbani. Falis ndiye aliyekaa. Nasema alikaa, lakini kukaa kwenyewe hakujui. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haraka, mtandio wake ukimfuata nyuma akikimbia kutoka jikoni kwenda mezani. Alipomzaa Qamar tukaanza kumwita Mama Qamar, na kufikia hapo Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya wakwe zangu.

Maneno ya mikutano ndiyo yaliyomshinda. Mwalimu Muthama alimwalika nyumbani kwake kwa "kachai". Falis akaoga, akawapaka watoto mafuta, akaenda kunywa chai. Kumbe kachai ka mwalimu ni meza yenye kitambaa, na mtu wa kuita majina, na kila anayeitwa anasimama mbele za watu kuchanga ili mdogo wake mwalimu aende chuo. Falis alikuwa amekwenda mikono mitupu. Alirudi amejifunika uso na siku hiyo hakusema na mtu. Mwezi uliofuata mke wa mchungaji naye akamwalika kachai. Sasa Falis akajipanga, akafunga mchango wake kwenye pembe ya leso, akakaa roho juu juu akingoja aitwe. Hakuitwa. Ilikuwa chai, viazi vitamu na wimbo mmoja wa tenzi. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikashona kidole.

Si hayo tu. Ukiambiwa "pati" na mwalimu, tarajia soda, biskuti na hotuba. Ukiambiwa "pati" na vijana waliokuja Krismasi kutoka Nairobi, hapo ni santuri, chumba cha nyuma cha kinu cha posho, na wazazi kulia asubuhi. Falis alimpa ruhusa binti aliyemsaidia jikoni aende pati, akidhani ni ile ya hotuba, na binti akarudi kumekucha na kiatu kimoja. "Kesha" ni vivyo hivyo. Kanisani ni kuomba hadi alfajiri, kwa vijana ni kucheza hadi alfajiri, na wote wanakuaga kwa sauti ile ile ya utakatifu. Halafu kuna "kamukunji". Kwa wazee neno hilo lilinuka siasa, ukilisikia unaangalia kama chifu yuko karibu. Kwa wavulana ilikuwa watu watatu wamesimama dukani. Siku moja kijana mmoja aliingia hotelini akasema, "Leo jioni kuna kamukunji hapa." Falis alifunga milango, akazima jiko, akawatoa wateja na vikombe vyao. Wale wavulana walitaka kuongea mambo ya mpira.

Neno moja tu halikuwa na ujanja, nalo ni mwethya. Mwethya, akisema mzee au mtoto, mlokole au mlevi, ni mikono. Unabeba jembe lako unakwenda kwa mwenzako, mnachimba matuta au silanga ya kukinga maji ya mvua au mnakandika nyumba, mnaimba, mnarudi. Kesho ni kwako. Hakuna kuchanga, hakuna hotuba.

Lakini Falis alikuwa ameshachoka kuaibika, akajiwekea sheria yake mwenyewe. Ukimwambia kachai, anatuma. Ukimwambia kesha, anatuma. Matanga, pati, mwethya, yeye anatuma sufuria kubwa ya chai na beseni la mandazi limefunikwa kitambaa cheupe, na salamu. Watu walizoea. Tukiwa shambani jua la saa sita linatuchapa, tunaona binti anakuja na sufuria kichwani, tunasema, "Mama Qamar ametuma." Tunakunywa. Ilikuwa chai nzito, yenye iliki na tangawizi, si maji ya kuosha kikombe kama mnayonywa siku hizi.

Nzilani ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu, mama mpana wa kifua, filimbi shingoni, mshika dini wa kweli. Alikuwa anakunywa vikombe viwili halafu anapangusa mdomo anasema, "Chai ya kibarua hii. Mama Qamar anatuajiri." Wengine wanacheka. Mimi sikupenda, na nilimwambia sikupenda, lakini Nzilani ukimwambia kitu ni kama umeuambia ukuta.

Dirie alifariki mwaka wa themanini na mbili. Homa ilimkamata akiwa na mifugo huko Garissa, akazikwa siku hiyo hiyo kama desturi yao, habari ikafika huku na lori la chumvi. Falis aliingia eda. Kwa watu wake mjane hukaa ndani miezi minne na siku zake kumi, na kwa mwanamke yule ilikuwa kama kumfunga mbuzi wa mlimani kwenye kamba fupi. Nilikuwa nikishona nje namsikia ndani anapanga vyombo, anapangua, anapanga tena. Mvua ya Novemba ikaja ikiwa na hasira, ikaulaza ukuta wa nyuma wote, ule wa chumba walichokuwa wakilala. Akaning'iniza turubai. Usiku upepo ukilipiga, watoto wanalia.

Eda ilipoisha akaja Mursal, mdogo wake Dirie, na lori. Nilijiandaa kumchukia, lakini alikuwa mtu mtaratibu, anasalimia mpaka watoto, anaswali, anakunywa chai yake kimya. Jioni ya kwanza waliongea kwenye veranda mimi nikiwa pale pale, hawakunificha.

"Shemeji, hapa una nani?" Mursal alimuuliza.

"Nina watu."

"Watu wa kunywa chai."

"Ni majirani zangu. Nimezaa nao, nimezika nao."

Mursal aliangalia lile turubai likipepea. "Ukuta umelala tangu mvua. Mtu mwenye watu, ukuta wake unalala miezi hii yote?"

"Nilikuwa eda. Sijawaita."

"Basi waite. Mimi nanunua mbuzi hapa hadi Alhamisi. Wakija wakakujengea, nitaondoka na mbuzi zangu na mama nitamwambia uko na watu. Wasipokuja, utapanda lori na watoto. Siwezi kumwacha mke wa kaka yangu analala nje kama hana ukoo."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Falis aliogopa, alikuja kuniambia baadaye. Garissa hakuwa na chake. Angekuwa mjane wa kona kwenye nyumba ya mama mkwe, akipewa chakula na kuambiwa pa kuketi. Hoteli ingefungwa. Qamar alikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani, mtoto anayeshika namba moja. Na ile lugha aliyoihangaikia, na vicheko, na hata aibu zote zile, zingekuwa bure.

Asubuhi akaenda kwa Nzilani, kama inavyotakiwa, akasimama mlangoni akasema, "Naomba mwethya Alhamisi. Ukuta wa nyuma." Nzilani akajibu, "Tumesikia, Mama Qamar." Neno alilitamka lile lile, kwa mtu anayestahili kuambiwa, siku iliyo wazi. Hakukosea hata kidogo.

Mimi Jumanne nilikwenda Mwingi kununua vitambaa, nikarudi Jumatano jioni, na nikamkuta Falis hatulii. Udongo ulikuwa umechimbwa na kurundikwa, maji yameletwa na punda kutoka visima vya mtoni, fito zimefungwa na vijana wawili mpaka juu. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mawe yanaonekana, na bado alikuwa na ufagio mkononi. Mandazi yaliungua sufuriani akiwa barabarani anaangalia.

"Mbula, watakuja?"

"Watakuja."

"Nzilani alisema 'tumesikia'. Mtu akisema tumesikia, maana yake anakuja?"

"Mama Qamar, wacha ufagio."

Akauacha, akachukua ndoo. Hata mimi nilikosa raha. Nilipinda suruali ya mteja mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, nikaifumua, nikaipinda tena vibaya. Mursal alikuwa chini ya lori anakaza nati, na kila akigonga chuma, Falis anashtuka.

Alhamisi kulikucha na mawingu mepesi, siku nzuri ya kukandika. Wa kwanza kufika alikuwa msichana wa kwa Muthoki, mwenzetu wa kikundi, na kikapu cha ndengu. "Mama ametuma," akasema, akaweka chini akaenda zake. Falis alishukuru, akatazama nyuma yake barabarani. Akaja mwingine na mahindi mabichi. Mwingine na mayai kwenye majani. Maziwa ndani ya kibuyu, asali ndani ya chupa ya soda, kunde, ndizi kutoka sijui wapi, kwa maana ndizi hapa ni kitu cha wagonjwa. Hakuna aliyetuma nyama, wote walijua Mwislamu hali nyama tuliyochinja sisi, na hapo ndipo nilipoona kwamba walikaa chini wakafikiri. Wasichana walikuja wakaondoka, kila mmoja na neno lile lile. Mama ametuma. Mama ametuma. Jua lilipanda. Veranda ilijaa mpaka nikasogeza cherehani. Chakula kilikuwa cha kulisha harusi, na mtu mzima hata mmoja hakuwepo.

Falis alisimama katikati ya vikapu, mikono imelowa udongo aliokwisha kuanza kuukoroga peke yake. Hakulia. Mursal alitoka nyuma ya lori, akatazama vile vitu.

"Ni watu wakarimu," akasema taratibu. "Wanakupenda, naona. Lakini hawakuja, shemeji." Akaingia ndani, akatoka na sanduku la kwanza.

Hapo damu ilinipanda. Niliziba mdomo nisimtukane mtu asiye na kosa. Upepo ulikuwa unatoka ng'ambo ya mto mkavu, na nikasikia filimbi. "Wako kwa Nthenya," nikasema. "Kikundi chote kinachimba matuta kwa Nthenya, leo hii." Sikumaliza. Falis alikuwa ameshashuka ngazi, hata mikono hajanawa. Nilimfuata nikihema, mchanga wa mto unanivuta viatu, yeye mbele anapasua kama anayefukuza mwizi.

Wanawake walikuwa wameinama mstari mmoja, wimbo katikati. Walipomwona wimbo ukakatika. Nzilani akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Nzilani, chakula kimefika," Falis alisema. "Asante. Watu wako wapi?"

"Watu si ndio hawa? Wana kazi." Nzilani hakuwa na haya. "Wewe tumekutumia, Mama Qamar. Miaka yote wewe unatutumia, hatujawahi kukuuliza uko wapi. Tulikaa Jumanne tukasema tukufanyie vile unavyofanya. Kila mtu ametoa kilicho bora nyumbani kwake. Kuna mtu ametuma kibaya?"

"Hakuna."

"Basi?"

Niliwaangalia wale wanawake na, niwe mkweli, sikuona ubaya usoni kwa mtu. Waliamini wamelipa vizuri. Muthoki hata alikuwa anatabasamu, akingoja kushukuriwa kwa ndengu zake.

"Mimi natuma kwa sababu wewe ulininyang'anya jembe," Falis akasema.

"Mimi? Lini?"

"Silanga ya shule. Nilikuwa sijamaliza miezi miwili hapa. Nilisikia filimbi nikachukua jembe la Dirie, jipya, nikaja. Wewe ulikuja ukalitoa mkononi mwangu mbele ya wote. Ukaniambia, 'Mgeni, kaa kivulini.' Mkaimba, mkachimba, mkachafuka, mkacheka mimi nimekaa kwenye jiwe nawaangalia. Mkamaliza, ukanirudishia jembe langu halijagusa udongo." Akainua mikono yake yenye udongo. "Nikajua mikono yangu hamuitaki. Sikuweza kukaa kwenye lile jiwe mara ya pili. Nikasema basi, chai wataipokea."

Nzilani alikuwa anatafuta kichwani, na nikaona pale alipoipata ile siku, maana uso wake wote ulilegea.

"Ilikuwa heshima," akasema. "Kwetu mgeni hachimbi. Ningekupa jembe, watu wangesema sikufunzwa."

"Heshima ya miaka mingapi, Nzilani?"

Nzilani akaanza kupangusa filimbi yake kwa pembe ya leso. Falis akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Shemeji anapakia lori. Anasema sina watu. Nimeshindwa kumwambia ni uongo."

Nthenya ndiye aliyeanza. Shamba lilikuwa lake, siku ilikuwa yake, na ndiye aliyechomoa jembe ardhini akalipangusa kwa nyasi. "Matuta hayaendi popote," akasema. Wengine wakainua majembe na makarai. Nzilani alikuwa wa mwisho. Aliweka filimbi mdomoni, akaipuliza vibaya, ikatoa sauti ya kifaranga, akaipuliza tena.

Tulipofika sokoni lori lilikuwa limepakiwa nusu. Qamar alikuwa amekaa juu ya magodoro na vitabu vyake mapajani, macho yamevimba. Mursal aliona wanawake wanaingia uwanjani mstari mmoja, miguu ya udongo, wanaimba, akabaki ameshika kamba. Hakuna aliyemsalimia kwa kirefu. Udongo ulikuwa tayari, maji yalikuwa tayari. Falis alikunja nguo yake, akaingia shimoni kukanyaga udongo pamoja na Muthoki. Nikamwona Nzilani ananyoosha mkono kumshika bega amtoe, mkono ulikwenda wenyewe, kama vile mkono wa mama unavyomfuata mtoto karibu na moto. Ulifika nusu ya njia, akaurudisha. Akainama, akafinyanga bonge kubwa la udongo, akamwekea Falis viganjani. "Tupa kwa nguvu," akasema. "Ukitupa kwa aibu linaanguka." Bonge la kwanza lilianguka. La pili likashika.

Jua likiwa bado juu ya vilima ukuta ulikuwa umesimama, mbichi, unatoa jasho. Tukala kila kilichotumwa asubuhi, wenyewe tuliotuma, na tukacheka kwa ajili hiyo mpaka Mursal akauliza tunacheka nini. Aliteremsha masanduku yeye mwenyewe, hakuomba msaada. Kesho yake aliondoka na mbuzi.

Mambo hayakuwa asali, nisidanganye. Falis na Nzilani waligombana mara nyingi baada ya hapo, kuhusu zamu, kuhusu wimbo gani uanze, kuhusu karai lililopotea. Katika kikundi chetu anayechelewa mwethya bila sababu hukamatiwa kuku. Huo ndio utaratibu, haijalishi wewe ni nani. Siku moja ya mnada Falis alilemewa na wateja, akafika kwa Muthoki watu wameshafikia nusu ya kazi. Jioni Nzilani akaongoza wanawake mpaka uwanjani kwake, wakamkamata kuku anayetaga, yule mweusi mnene. Falis alitoka jikoni mbio. Alisema huyo anataga, wachukue jogoo. Alisema wateja si kosa lake. Alisema ni wizi wa mchana. Nzilani akamwambia, "Ulichelewa, Mama Qamar," akaenda zake na kuku kwapani, Falis akimfuata na maneno mpaka kona ya kinu.

Nilidhani atanuna wiki nzima. Badala yake aliwaambia wateja wote siku ile na kesho yake, madereva, wanunuzi wa ng'ombe, hata karani wa chifu. "Wamenikamatia kuku," anasema, huku anamimina chai, uso wote umewaka. Mursal alipokuja tena kununua mbuzi, salamu hazijaisha, akamwambia, "Shemeji, wamenikamatia kuku." Maskini Mursal hakuelewa. Alivaa viatu vyake upya, anataka kwenda kwa chifu kumdai huyo kuku. Ilibidi mimi nimshike mkono, nimwambie akae chini, mgeni hakamatiwi kuku.